Kisiwa Nisichokijua

Natoa ushuhuda huu nikiwa mzima wa afya, nina kazi, na watoto wangu wamemaliza shule. Hayo yote sikuyastahili. Nautoa kwa yeyote aliyepewa madaraka madogo juu ya wenzake akayaona kuwa mali yake, na kwa yeyote anayeamini kwamba habari za dunia ni za wakubwa na wasomi. Mimi nilikuwa watu hao wawili katika mwili mmoja. Aliyenifungua macho ni Mungu, akitumia mambo mawili: mwanamke mmoja jirani yangu, na kisiwa cha mbali kiitwacho Iceland ambacho, hadi Aprili 2010, nisingeweza kukionyesha kwenye ramani.

Wakati huo nilikuwa msimamizi wa ukumbi wa kupanga na kufunga maua katika shamba moja kando ya Ziwa Naivasha. Kwa wasioijua kazi hii nieleze kidogo. Waridi hukatwa asubuhi na mapema kabla halijafunguka. Hutiwa kwenye ndoo ya maji, likaletwa ukumbini, likapangwa kwa urefu wa shina na ukubwa wa kichwa, likafungwa, kisha likaingizwa chumba baridi. Lori lenye mtambo wa kupoza hulipeleka Nairobi, ndege ya mizigo huondoka nalo usiku, na muda si mrefu ua lililoota kwenye udongo wetu huwa linauzwa Aalsmeer, Uholanzi, kwenye mnada wa maua mkubwa kuliko yote duniani, au limepangwa katika maduka ya Uingereza. Ua halina subira. Siku likichelewa njiani, siku hiyo inapungua nyumbani kwa mnunuzi, na bei inashuka nayo.

Safari hiyo niliijua hadi kwenye lango la shamba. Ya nje ya lango sikuyajua na sikutaka kuyajua. Redio ilipofika saa ya taarifa ya habari nilitafuta stesheni yenye muziki. Ghasia za baada ya uchaguzi, Januari 2008, zilipita mjini kwetu, watu wakakimbilia kituo cha polisi na gereza kujisalimisha, nami nilitoka katika siku hizo nikiwa nimejifunza jambo moja tu, kufunga mlango wangu mapema.

Chini yangu walikuwa vibarua, wengi wao wanawake. Aliyechelewa nilimrudisha nyumbani akakosa siku. Aliyeomba ruhusa ya kumpeleka mtoto zahanati nilimuuliza kama mtoto hana baba. Sikuwahi kumpiga mtu wala kuiba shilingi ya mtu, na Jumapili nilikuwa kanisani na tai yangu, kwa hiyo nilijihesabu kuwa mwema. Nadhani huo ndio upofu mgumu kutibika, maana mwenye nao hahisi maumivu popote.

Mwaka 2009 biashara ya maua ililegea. Meneja alituambia soko la Ulaya limelala, saa za ziada zikafutwa, nami nikawapelekea vibarua habari hiyo kama nilivyoipokea. Mmoja wao aliniuliza, "Limelala kwa nini?" Nikamjibu kwamba kazi yake ni kufunga maua. Ukweli ni kwamba sikuwa na jibu.

Jibu nililipata baadaye sana. Mtikisiko wa uchumi ulioanzia Marekani ulikuwa umezikumba nchi nyingi, na mojawapo ya zilizoanguka vibaya ni Iceland, taifa la watu 318,000 hivi, sawa na kusema watu wa Nakuru mjini peke yao wakati ule. Oktoba 2008 benki zake tatu kubwa, Landsbanki, Kaupthing na Glitnir, zilianguka ndani ya juma moja hivi. Landsbanki ilikuwa imekusanya amana kwa njia ya intaneti kutoka kwa wananchi wa Uingereza na Uholanzi, kwenye akaunti zilizoitwa Icesave, kwa ahadi ya riba nzuri. Serikali za nchi hizo mbili ziliwalipa watu wao, kisha zikaigeukia Iceland kuidai fedha zile. Tarehe 5 Januari 2010 rais wa kisiwa hicho, Ólafur Ragnar Grímsson, alikataa kutia saini sheria ya kulipa deni hilo, akaliacha liamuliwe na wananchi. Tarehe 6 Machi walipiga kura, na zaidi ya asilimia 90 walikataa. Wavuvi, walimu na wauguzi walisema hawatalipa madeni ya mabenki ambayo hawakuyakopa.

Uingereza na Uholanzi. Hao ndio waliokuwa wanunuzi wa maua yetu. Sisemi kwamba benki za Iceland ndizo zilizotukatia saa za ziada. Sababu zilikuwa nyingi, na kisiwa kile kilikuwa mgonjwa mmoja kati ya wengi. Lakini mama yule aliyeniuliza "kwa nini" alistahili kuambiwa kwamba watu walewale wanaonunua waridi lake walikuwa na hofu juu ya akiba zao, na kwamba mwenye hofu huanza kubana matumizi kwenye vitu kama maua. Ni maelezo mafupi tu. Nilimnyima kwa sababu mwenyewe sikuwa nimeyatafuta.

Basi ikafika Aprili. Kwetu ilikuwa Pasaka, kisha mvua za masika, kisha kazi kama kawaida. Kule Iceland mwezi huo ulikuwa mzito. Tarehe 5 mtandao wa WikiLeaks ulitoa video ya helikopta ya jeshi la Marekani ikiwafyatulia risasi watu mjini Baghdad mwaka 2007, wakiwemo wafanyakazi wawili wa shirika la habari la Reuters. Video hiyo ilikuwa imetayarishwa katika nyumba ya kupanga mjini Reykjavik. Tarehe 12 tume maalumu ya bunge ilitoa ripoti ya kuanguka kwa mabenki, vitabu tisa, zaidi ya kurasa 2,000. Na alfajiri ya tarehe 14, Jumatano, mlima Eyjafjallajökull ulilipuka chini ya barafu yake.

Mlima huo ulikuwa umeanza kutoa moto tangu tarehe 20 Machi, upande wa pembeni usio na barafu, na watu walienda kuutazama kwa furaha. Mlipuko wa Aprili ulikuwa wa namna nyingine. Moto ulitokea chini ya barafu nene. Barafu ikayeyuka, maji yakakutana na ujiuji wa mawe uliokuwa unachemka, ukapoa ghafla na kupasuka vipande vidogo mno, vumbi kali la kioo. Vumbi hilo lilirushwa juu kilomita kadhaa, mahali upepo wa juu ulipokuwa ukivuma kuelekea Ulaya. Ndege ikipita ndani yake, vumbi huyeyuka kwenye joto la injini, kisha hugandia kwenye mapanga yake. Mwaka 1982 ndege ya abiria ya British Airways iliingia katika majivu ya mlima Galunggung wa Java ikazimikiwa injini zote nne angani, na Mungu akawajalia marubani kuziwasha tena kabla ya kufika chini. Kwa hiyo mwaka 2010 wakuu wa anga hawakutaka kubahatisha. Kuanzia Alhamisi tarehe 15 nchi moja baada ya nyingine ilifunga anga yake. Karibu safari 100,000 za ndege zilifutwa na abiria wapatao milioni 10 walikwama. Hata mazishi ya Rais Lech Kaczyński wa Polandi, tarehe 18, viongozi wengi wa dunia walishindwa kuyahudhuria, akiwemo Rais Obama.

Sisi Naivasha tuliyajua kwa namna yetu. Ijumaa asubuhi nilifungua chumba baridi nikakuta maua ya jana yake yangalipo. Jumamosi kulikuwa hakuna mahali pa kuweka ndoo. Waridi shambani haliambiwi lisubiri, hivyo wakataji waliendelea kukata na sisi tukaendelea kupokea, huku maua ya chini yakianza kufunguka kwenye makasha. Jumapili sikwenda kanisani. Kisha trakta ikaletwa mlangoni, tukaanza kubeba maua yaliyokuwa tayari kwa soko na kuyapeleka kwenye shimo la mbolea. Mengine walipewa ng'ombe. Wanawake waliokuwa wameyafunga kwa mikono yao waliyabeba bila kusema neno. Magazeti yaliandika kwamba hasara ya nchi ilikuwa mamilioni ya dola kila siku, na kwamba maelfu ya vibarua wa maua walirudishwa nyumbani.

Waliorudishwa kutoka ukumbini kwetu niliwachagua mimi. Meneja aliniambia niandike orodha ya watakaokaa nyumbani bila malipo mpaka anga ifunguliwe. Hakunipa vigezo. Nilikaa kwenye kreti nikaandika majina haraka kuliko ninavyoandika sasa. Wa kwanza niliowaandika ni wale walionisumbua. Miongoni mwao alikuwa mama mmoja tuliyekaa naye ploti moja, mlango wa tatu kutoka kwangu, mjane mwenye watoto wadogo. Wiki kadhaa kabla ya hapo alinisahihisha mbele ya wenzake kuhusu hesabu ya saa zake, na hesabu yake ilikuwa sawa. Nilimwandika kwa sababu hiyo. Niliita majina kwa sauti, kila mtu akavua aproni yake akaondoka, nami jioni ile nilikula nikashiba.

Anga ilianza kufunguliwa tarehe 20 na 21. Kabla ya hapo ndege chache za mizigo zilipata njia ya kutua Hispania, mizigo ikamalizia safari kwa malori. Vibarua wakaanza kuitwa warudi, kidogo kidogo. Mkataba wangu ulikuwa unaisha mwezi ule. Niliitwa ofisini nikaambiwa kwamba kwa sababu ya hasara shamba litapunguza wasimamizi, na jina langu liko kati ya wasioongezewa. Mtu mwingine alikuwa ameandika orodha yake.

Miezi iliyofuata nisingependa kuirefusha. Nilitafuta kazi mashamba mengine nikakuta foleni. Niliuza baiskeli, kisha redio. Kodi ikaanza kudaiwa. Niliona aibu kutoka mchana, nikawa natoka alfajiri na kurudi giza likiingia, ili majirani wadhani nina kibarua mahali. Moyoni nililaani nchi ile isiyo na maana iliyotuletea moshi. Niliilaani kwa jina lake, nami sikuwa najua hata kama watu wake ni wavuvi au wachungaji.

Katika kipindi hicho nikaona kwamba watoto wangu hawalali njaa. Nilirudi usiku nikakuta sufuria ya githeri, kesho yake ugali na sukuma. Nilidhani mke wangu amepata kazi ya kufua. Siku moja nilirudi mapema nikamkuta yule mama wa mlango wa tatu jikoni kwetu, anampakulia mtoto wangu. Alikuwa ameitwa kazini tena. Alinisalimia kama kawaida, "Jirani, habari za kutwa," akaendelea na kazi yake.

Nilipobaki na mke wangu nikamuuliza kwa nini mtu yule anatulisha. Hapo ndipo aliponiambia jambo alilokuwa amenificha. Siku zile za majivu, mama yule alipokosa kazi, mke wangu alikuwa akimpelekea unga kutoka kwenye debe letu, kwa siri, kwa kuwa alijua mimi ndiye niliyemwandika na alijua ningekataa. Sasa mama yule alikuwa akirudisha wema kwa mke wangu. Wanawake hao wawili walikuwa wamezilinda nyumba mbili, nami nilikaa kati yao nikila cha wote, bila kuchangia chochote isipokuwa lile jina nililoliandika kwenye orodha. Nilitoka nje nikakaa gizani. Sikulia; nilikuwa na hofu tu, hofu ya mtu anayejitazama mwenyewe kwa mara ya kwanza.

Nilitaka kwenda kumwomba msamaha usiku uleule, nikashindwa. Nasema hili kwa sababu shuhuda nyingi husimuliwa kana kwamba mtu hubadilika mara moja. Mimi nilichukua majuma. Nilikuwa na kiburi kilichozoea kukaa, na kila nilipoufikia mlango wake nilipata sababu ya kupita.

Kilichonisogeza ni kurasa za magazeti. Mandazi aliyotuletea siku moja yalikuwa yamefungwa kwenye gazeti la Aprili, na kwenye ukurasa huo ilikuwepo picha ya mfugaji wa Iceland amefunika uso, anaswaga mifugo yake katikati ya mchana uliogeuka usiku. Niliitazama picha hiyo muda mrefu. Mtu yule hakuwa adui. Alikuwa mkulima anayejaribu kuokoa alichonacho. Kesho yake, badala ya kuzunguka mitaani nikijificha, niliingia maktaba ya umma mjini nikaomba magazeti ya nyuma. Hakuna aliyenilipisha wala kuniuliza nina kazi gani. Nikawa mtu wa maktaba.

Huko nilisoma kwamba watu wapatao 800 waliokaa chini ya mlima ule waliondolewa kwenye mashamba yao, na kwamba mlipuko haukumuua mtu. Nilisoma kwamba wafugaji walihangaika kuingiza mifugo mabandani kwa sababu majivu yale yana madini ya floridi, na mnyama akiyala pamoja na majani huharibika meno na mifupa. Nilisoma kwamba siku zile za mwanzo, wakati anga ya sehemu kubwa ya Ulaya imefungwa, uwanja wa ndege mkubwa wa Iceland uliendelea kuwa wazi, maana upepo ulikuwa ukiyapeleka majivu upande wa pili.

Nilisoma pia habari ya zamani ambayo haijanitoka. Mwaka 1783 ufa uitwao Laki, katika kisiwa hichohicho, ulitoa moto na hewa ya sumu kwa miezi minane. Mifugo ilikufa, njaa ikaingia, na kati ya watu wa Iceland takriban mmoja katika kila watano alikufa. Ukungu wake ulifika Ulaya. Wako wanasayansi walioonyesha kwamba ulidhoofisha hata mvua zinazoujaza Mto Nile, na Misri ikapata njaa kali mwaka uliofuata. Mkulima wa Misri wa wakati ule hakuwa na gazeti la kumwambia kwa nini mto haukupanda. Mimi nilikuwa nalo, na kwa miaka mingi nililitumia kufungia nyama.

Lakini jambo lililonipiga zaidi ni ile ripoti ya mabenki. Ilipotoka, waigizaji wa jumba la michezo ya kuigiza la mji wa Reykjavik walipanda jukwaani na kuisoma yote kwa sauti, wakipokezana usiku na mchana kwa siku kadhaa, mpaka ukurasa wa mwisho. Walikuwa katikati ya usomaji huo mlima ulipolipuka. Fikiria taifa limeketi kusikiliza makosa yake yakisomwa, nani aliidhinisha nini, nani alijua akanyamaza, huku majivu yakipaa juu. Nami nilikuwa na orodha yangu. Hakuna aliyekuwa ameisoma kwa sauti pamoja na sababu zake. Nilijua kwamba kazi hiyo ni yangu.

Jioni hiyo nilibisha hodi mlango wa tatu. Nilimwambia mama yule kwamba ni mimi niliyemwandika, na nikamwambia kwa nini. Alikuwa anachambua maharagwe, hakuacha. Akasema, "Najua, jirani. Nilikuona ukiandika. Ulianza na mimi." Nikamuuliza iweje basi alishe watoto wangu. Akajibu kwamba watoto hawakuandika. Hakunitamkia neno la msamaha siku ile, wala sikumwomba aniambie amenisamehe. Alinipa kigoda nikakaa. Nimehubiriwa neema tangu utoto. Kuketi juu yake nilianza jioni ile.

Nilipata kazi katikati ya mwaka, shamba jingine, kama mkataji wa kawaida. Msimamizi wangu alikuwa msichana ambaye ningeweza kumzaa. Miiba ya waridi huingia kwenye vidole na kubaki, na usiku mkono hupwita. Nilikuwa nimewaamuru watu wafanye kazi hiyo kwa miaka bila kujua hilo. Msichana yule alituita kwa majina. Mtu akiwa na mgonjwa, alimpangia siku nyingine. Ukumbi wake ulifunga maua mengi kuliko wangu wa zamani, na hilo ninalisema kwa wale wasimamizi wanaoamini kwamba ukali ndio huleta kazi.

Mwaka huohuo Kenya ilikuwa inaandika upya katiba yake. Nilihudhuria mikutano ya elimu ya uraia, mimi ambaye zamani niliikimbia taarifa ya habari. Tarehe 4 Agosti tulipiga kura, takriban theluthi mbili ya wapiga kura tukaikubali, na tarehe 27 Agosti ikatangazwa rasmi katika bustani ya Uhuru Park. Miezi michache baadaye nikasoma kwamba Iceland nayo imeanza safari hiyohiyo. Tarehe 6 Novemba waliwaita wananchi karibu elfu moja, waliochaguliwa kwa bahati nasibu kutoka kila pembe ya nchi, wakakaa siku nzima kusema wanataka katiba yao isimamie nini. Tarehe 27 Novemba wakachagua watu 25 wa kuiandika. Wagombea walikuwa 522. Nchi iliyoaibishwa na wakubwa wake iliamua kuwauliza watu wa kawaida. Na kabla ya hapo, tarehe 25 Oktoba, wanawake wa kisiwa kile waliacha kazi saa nane na dakika 25 mchana wakaingia mitaani, kwa hesabu kwamba ukilinganisha ujira wao na wa wanaume, kuanzia dakika ile walikuwa wakifanya kazi bure. Niliwasomea wakataji wenzangu habari hiyo wakati wa chakula cha mchana. Wanawake wakasikiliza kimya, kisha mmoja akauliza sisi tungeacha kazi saa ngapi. Tulikaa tukapiga hesabu pamoja.

Tangu hapo usomaji wa mchana ukawa desturi. Tulianzisha pia chama cha akiba, kila mtu akitoa kidogo siku ya malipo, kwa sababu tulikuwa tumeona kwamba jambo linaweza kutokea nchi ambayo hakuna kati yetu atakayefika, na kesho yake mlo ukakosekana kwetu Naivasha.

Jambo hilo lilitokea tena. Machi 2020 ugonjwa wa korona ulifunga maduka ya Ulaya, bei kwenye mnada wa Aalsmeer zikaporomoka, Waholanzi wenyewe wakatupa maua yao. Wakati huo nilikuwa nimerudishiwa usimamizi. Niliambiwa tena niandike orodha. Nilirudi ukumbini nikawaita wote, nikawaeleza nilichokijua kuhusu soko, nikawauliza tufanye nini. Walichagua kugawana siku kwa zamu, ili asiwepo anayekosa kabisa, na akiba ya chama ikawasaidia wenye watoto wengi. Haikutosha. Wapo waliorudi mashambani kwao, na wengine hawakurejea tena Naivasha. Sitaki kusimulia kana kwamba nilishinda. Lakini hakuna jina lililoandikwa kwa kisasi, na kila mtu alijua kwa nini siku zake zimepungua.

Yule mama alishaacha kazi ya maua, ana duka la mboga, na mke wangu hununua kwake. Tunapokutana ananiita jirani, ingawa tulishahama ploti ile. Namshukuru Mungu kwa ajili yake kila siku, na namshukuru kwa ajili ya mke wangu, ambaye alinificha wema mpaka nilipokuwa tayari kuuona.

Iceland haikupata katiba yake mpya. Rasimu iliandikwa mwaka 2011, na mwaka 2012 takriban theluthi mbili ya waliopiga kura walisema iwe msingi wa katiba mpya, lakini bunge halikuipitisha. Sisi yetu tunayo. Kifungu cha 41 kinasema kila mfanyakazi ana haki ya ujira wa haki, mazingira ya kazi yanayofaa, kujiunga na chama cha wafanyakazi na kugoma. Ndugu yangu, kama leo wewe ndiye unayeandika majina ya wenzako, kitafute kifungu hicho uwasomee kwa sauti kabla hujaandika jina la kwanza. Na kama wewe ndiye unayeandikwa, uliza kwa nini, na usikubali kuambiwa kwamba kazi yako ni kufunga maua.